Wa Kupanda Wengi, wa Kumwagilia Nani?

Dada mmoja wa Nakuru ameniandikia kuuliza aanzie wapi. Karibu na kwao kuna bustani ya umma ambayo miti yake huchunwa magome usiku, na akilalamika majirani humwuliza kama huo mti ni wa mamake. Kaa nikusimulie, dada, maana mimi nimechekwa kuliko wewe.

Bustani ya mtaa wetu hapa Nairobi ina mti mmoja mkubwa uitwao muthiga. Gome lake linawasha ulimi kama pilipili, na watu hulichemsha kutibu kikohozi na maumivu ya tumbo. Asubuhi moja tuliukuta umechunwa kuanzia usawa wa magoti hadi kifuani, shina jeupe, limelowa. Gome la ndani ndilo linaloshusha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likiondolewa kuzunguka shina lote, mti umekwisha, hata majani yakiwa bado mabichi. Wetu ulikuwa umebakiziwa ukanda wa upana wa kiganja upande wa ukutani, na huo ndio uliouponya. Tulipaka kidonda udongo uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe, tukakifunga kwa gunia. Wapita njia wakauliza harusi ni lini.

Wenzangu walitaka kumvizia mwizi wampe kichapo. Nilikataa, nawe ukatae. Nilienda sokoni kwa mzee anayeuza dawa za miti shamba, nikakaa kwenye benchi lake, nikanunua unga ambao mpaka leo sijui ni wa nini. Tulipozoeana, akaniambia mwenyewe kwamba vijana ndio humletea. Nikampa jani la muthiga. Akalitafuna, akakohoa, akacheka: nalo lawasha! Siku hizi tukipogoa matawi tunampelekea majani, na vijana wamekosa wa kumwuzia gome. Hilo najivunia kuliko vyeti vyangu vyote, na vyeti ninavyo.

Lakini kuna jambo ambalo bado linaniuma. Tarehe 13 Novemba 2023, sikukuu iliyotangazwa na serikali ili Wakenya wapande miti, bustani ilifurika watu. Mheshimiwa fulani alikuja na fulana, vipaza sauti na wapiga picha. Miche ikapandwa katikati ya njia, mingine ikiwa bado ndani ya karatasi zake za nailoni. Hotuba ilitaja wafadhili mmoja mmoja, sisi wa kila Jumamosi tusisikie hata asante. Februari jua lilipowaka, waliobeba jerikeni ni kina mama wawili wa mtaa, mlinzi wa shule jirani na mimi.

Ndugu zangu, mti haunywi picha! Ukiwa huna nafasi ya kurudi kumwagilia, usipande, nenda ukalinde uliopandwa na mwenzako. Kachukue koleo ung'oe misumari ya mabango ya waganga. Zuia watu kuchomea taka shinani. Rudi wiki ijayo, halafu urudi tena.

Na wakikucheka? Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, wabunge walimkejeli bungeni. Jengo halikujengwa. Wewe una silaha ambayo yeye hakuwa nayo wakati ule: kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Kwa hiyo si lazima mti uwe wa mamako.

Kabla ya kufika huko, dada, andika barua kwa ofisi inayosimamia bustani, majina na sahihi za majirani chini yake. Peleka nakala mbili, na usiondoke mapokezi kabla yako haijagongwa muhuri. Barua yetu ya kwanza eti haikuwahi kufika. Ya pili, yenye muhuri, ndiyo iliyotuletea ua wa waya.