Ushauri kwa mashali wapya wa mbio za magari Nakuru

Wengi wenu mnaojitolea kwa mara ya kwanza kuwa mashali, yaani wasimamizi wa usalama kando ya barabara, katika mbio za magari za Nakuru na Naivasha hufika mkiwaza bendera na redio. Hivyo vyote mtafundishwa kwenye semina, na havimshindi mtu aliye makini. Kinachomtatiza mashali mpya ni watu: watasimama wapi, watahama lini, na ni nani anayeweza kuwahamisha bila ugomvi.

Kumbukeni kwanza kwamba barabara iliyofungwa ni jambo geni kiasi kwa mashabiki wetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na hadi mwaka 2002, ilipoondolewa katika mashindano ya dunia, ilikuwa ikifanyika kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, ambako dereva angeweza kukutana na lori, matatu au kundi la ng'ombe, na timu kubwa zilirusha helikopta ili kumtahadharisha. Iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, ilikuja na mikondo, yaani vipande vya barabara vya kushindania, iliyofungwa kwa umma, kama ile ya Kedong na Soysambu. Kwa hiyo mzee wa Gilgil akikuambia kuwa ametazama mbio hizi kando ya barabara tangu ujana wake na hajawahi kuguswa na gari, usimbishie. Mwambie, kwa heshima, kwamba dereva wa siku hizi hutumia upana wote wa barabara hadi kwenye majani, kwa sababu amehakikishiwa kuwa hakuna mtu wala gari mbele yake.

Ukishapewa kituo chako, fika mapema, tembea hadi mahali gari litakapoanza kuonekana, kisha igeukie kona na uitazame kama dereva atakavyoitazama. Gari likishindwa kukata kona huendelea kule lilikokuwa likielekea, yaani upande wa nje, na mara nyingi hutoka barabarani baada ya katikati ya kona, wakati dereva amekwisha kukanyaga mafuta tena. Upande huo uwe mtupu kabisa. Upande wa ndani nao si salama kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa gurudumu likigonga jiwe lililofichwa na majani gari huweza kurushwa upande huo huo. Penye kilima kidogo kinachorusha gari, hesabu mahali litakapotua, na ukumbuke kuwa huenda likatua kombo. Watu wakae juu ya miinuko mirefu ya kando ya barabara, mbali na ukingo wenyewe, wakiwa na nafasi ya kukimbilia nyuma yao. Anayesimama huku mgongo wake umegusa seng'enge hana pa kwenda.

Kisha uangalie upepo. Katika mashamba ya Bonde la Ufa vumbi ni laini kama unga, na gari moja tu hutosha kuwafunika mashabiki wote wa kona. Asubuhi, kabla ya gari la kwanza, utawapanga vizuri nao watakutii. Magari matatu yakipita, macho yamejaa vumbi na akina mama wamewafunika watoto kwa leso, umati mzima utaanza kusogea polepole upande ambako upepo unatoka, na mara nyingi upande huo ndio ule ule ulioufunga kwa utepe. Hawafanyi ukaidi, wanatafuta hewa. Mashali aliyeona upepo mapema huwapeleka tangu mwanzo mahali palipo salama na pasipo na vumbi jingi, hata kama ni mbali zaidi, naye hana haja ya kupiga kelele mchana kutwa. Kwa maoni yangu, utepe uliofungwa bila kujali upepo ni mapambo tu.

Mashabiki wakiingia barabarani hatari haiwi yao peke yao. Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, dereva Joaquim Santos alijaribu kuwakwepa watu waliokuwa njiani, gari likamshinda na kuingia katika umati. Watazamaji watatu walifariki na zaidi ya 30 wakajeruhiwa, na timu za viwanda vya magari zikajiondoa katika mashindano hayo.

Huwezi kumkamata mtu, wala usimsukume. Polisi wapo kwa kazi hiyo, na mkuu wa mashindano anaweza kusimamisha mkondo ukimpa taarifa kuwa umati umekataa kutii. Lakini kabla ya kufika huko, mtafute mzee wa Nyumba Kumi na kiongozi wa stendi ya bodaboda iliyo karibu. Vijana wa bodaboda wanajua njia za panya zote zinazoingia katika mkondo kuliko ramani yoyote ya waandalizi, nao ndio wanaowapitisha mashabiki huko kwa nauli. Zungumza nao siku moja kabla, ikiwezekana katika baraza la chifu, mkubaliane mahali pa kushushia abiria.

Katika daftari lako andika namba ya kila gari linalopita na saa yake. Namba 15 isipoonekana na 16 ikapita, toa taarifa papo hapo. Pengine gari limelala korongoni mahali ambapo hakuna anayeliona. Dereva na mwelekezi wake wakipata ajali, wanatakiwa kuweka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari na kuonyesha ishara ya OK kwa magari yanayofuata, au ile nyekundu ya SOS ikiwa wanahitaji daktari. Mashabiki wetu wana moyo wa kusaidia, na gari likipinduka watakimbia kwa makumi kuligeuza kwa mikono lisimame tena kwa magurudumu yake. Wazuieni, kwani gari linalofuata liko dakika chache tu nyuma. Bendera nyekundu nayo haiinuliwi kwa uamuzi wako, bali kwa amri inayotoka kwa mkuu wa mashindano kupitia redio. Kazi yako ni kutoa taarifa fupi na kamili: namba ya gari, mahali lilipo, kama njia imezibwa, kama kuna majeruhi.

Gari la mwisho katika orodha likishapita, watu hudhani mambo yamekwisha na kuanza kurudi nyumbani kwa kufuata barabara yenyewe. Huenda gari lililokwama limetengenezwa na linakuja kwa kasi. Mkondo hubaki umefungwa hadi gari la kufagia, yaani lile la waandalizi linalopita mwisho kabisa, lipite na redio itangaze, kwa hiyo shikilia kamba hata pikipiki zikikupigia honi. Ukirudisha vifaa, mwachie mkuu wa kituo mchoro wa mahali umati ulipohamia na saa ulipohama, ili atakayepewa kona hiyo mwakani aufunge utepe wake akijua upepo huvuma kutoka wapi.