Kepuvede: jua umri wa kisiwa kabla hujakata tiketi

Wengi wanaopanga safari ya Kepuvede, ambayo wenyewe huiita Cabo Verde, hukosea mwanzoni kabisa: huichukulia kama sehemu moja. Ni visiwa 10, kimoja hakina wakazi, vimetawanyika Atlantiki kilomita zaidi ya 500 magharibi ya Senegali. Vyote vilizaliwa na volkano, ila si siku moja. Sal, Boa Vista na Maio, upande wa mashariki, ni vikongwe. Vimekwanguliwa na upepo na mawimbi hadi vikabaki tambarare, mchanga na chumvi. Vya magharibi bado vijana, ndiyo maana vimesimama wima. Ukitaka ufuo, nenda mashariki. Ukitaka milima, ni Fogo au Santo Antão. Anayetua Sal akitarajia mabonde ya kijani atakuta jangwa.

Sal siku mbili zinatosha. Pedra de Lume ni machimbo ya chumvi ndani ya shimo la volkano iliyozimika, na maji yake yamekolea hata unaelea bila kupiga mkono. Usiingie siku uliyonyoa, utajuta. Boa Vista ifuate kati ya Juni na Oktoba, kasa wanapopanda ufukweni usiku kutaga. Nenda na mwongozaji, na tochi kali iache chumbani.

Fogo ndiyo yenye kazi. Kilele chake, Pico do Fogo, kina mita 2,829, na chini yake kuna bonde la Chã das Caldeiras lenye vijiji na mizabibu iliyopandwa kwenye vishimo vya majivu meusi. Tarehe 23 Novemba 2014 volkano ililipuka, na hadi ilipotulia Februari 2015 lava ilikuwa imezifunika Portela na Bangaeira. Wenyeji wamerudi na kujenga juu ya lava ileile. Ukipita utaona paa la nyumba likichungulia usawa wa magoti yako, na pembeni yake ukuta mpya wa matofali.

Wageni wengi hukwama kwenye usafiri. Daladala za huko, zinazoitwa aluguer, hufuata ratiba ya mwanakijiji: hutoka Chã alfajiri kwenda mji wa São Filipe na kurudi mchana baada ya sokoni. Wewe uliyelala mjini huwezi kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kukodi gari zima. Lala Chã usiku mbili.

Kupanda, anzeni saa kumi na moja alfajiri. Mnaanzia kama mita 1,700, kwa hiyo kuna mita zaidi ya 1,100 za kupanda, mwendo wa saa tatu hadi nne. Aliyezoea Mlima Longonot wa Kenya asijidanganye kwa kuwa vimo vinakaribiana. Longonot unaanzia juu zaidi. Beba lita 3 za maji kila mtu, maana njiani hakuna hata tone, na mkichelewa jua litawakuta kwenye changarawe nyeusi isiyo na kivuli. Kushuka ni kwenye majivu: tanguliza kisigino, kunja magoti kidogo, usiegemee mbele. Viatu vya wavu hujaa majivu kwa dakika chache na soksi hugeuka msasa. Vaa buti za kupita kifundo, na suruali ndefu ifunike shingo ya buti.

Santo Antão haina ndege. Ni kivuko cha takriban saa moja kutoka Mindelo, mji wa kisiwa jirani cha São Vicente. Mlango ule wa bahari una upepo mkali, hivyo dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda chombo, si baada ya kuanza kutapika. Kisha chukua aluguer ya barabara ya zamani ya mawe hadi Cova, ushuke kwa miguu bonde la Paul, kwenye miwa na migomba.

Kwa historia, nenda kisiwa cha Santiago. Wareno hawakukuta mtu visiwani. Mwaka 1462 walianzisha Ribeira Grande, leo Cidade Velha, ikawa kituo cha biashara ya watumwa. Nguzo walikochapiwa watu bado iko uwanjani. Kaskazini kuna gereza la Tarrafal, lililofunguliwa tena 1961 kuwafunga wapigania uhuru wa Afrika. Amílcar Cabral, kiongozi wa mapambano ya uhuru wa Kepuvede na Guinea-Bissau, aliuawa Conakry, Guinea, Januari 1973. Uhuru ulikuja 5 Julai 1975.

Pesa ya huko ni escudo: euro 1 ni escudo 110.265, kiwango kisichobadilika. Wauzaji wa Sal huhesabu 100 kamili, kwa hiyo kila noti ya euro 20 unapoteza escudo 205. Lipa kwa escudo, na zitumie zote, nje ya visiwa hazibadilishiki kirahisi.

Kati ya Desemba na Machi vumbi la Sahara huweza kuziba anga na ndege za ndani zikasimama. Usiku wa mwisho, na ikiwezekana wa kabla yake, lala kwenye kisiwa ambako ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea.