Maswali yenu ya usalama kazini: msimfuate aliyezirai shimoni

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa mafundi na saidia fundi.

Nimetoa kava ya grinda yangu ndogo ili iingie diski ya inchi 9. Inakata vizuri sana. Kuna ubaya? (Fundi vyuma, Mbagala)

Itoe diski hiyo leo hii. Diski ya inchi 9 imetengenezwa izunguke si zaidi ya mara 6,600 hivi kwa dakika. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000. Ikipasuka, vipande vinakuja usoni na shingoni. Kasi ya mwisho imeandikwa kwenye diski yenyewe, lakini naletewa swali hili kila mara, na kila mara muulizaji ameshatoa kava. Someni kabla ya kufunga.

Saiti kuna joto. Naweza kuvaa kandambili?

Hapana.

Nikichomelea mchana, usiku macho yanauma kama yametiwa mchanga. Wenzangu wananidondoshea maziwa. Yanatibu? (Moshi)

Maziwa ni ya kunywa. Mwanga wa kuchomelea umekuunguza utando wa juu wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Mara nyingi hupoa kwa siku moja au mbili, ila nenda hospitali ukaangaliwe, maana huenda kuna chembe ya chuma imebaki ndani. Miwani ya jua haikukingi. Tafuta kioo cha kuchomelea chenye namba 10 kwenda juu. Na kijana anayekushikia chuma je? Naye anahitaji kioo chake. Kama unafanyia kazi kando ya barabara, tundika turubai, watoto wanapita hapo wakikodolea macho ule mwanga.

Tunataka kuzibua shimo la choo la zamani. Mzee mmoja ametuambia tushushe kibatari, kisipozimika tuingie. Ni sahihi? (Temeke)

Si sahihi, na tafadhali msiingie kabla ya kusoma hapa.

Kibatari kikizimika kinakuambia oksijeni imepungua sana, basi. Kuhusu sumu hakikuambii kitu. Shimo la kinyesi lina methani, gesi inayowaka, kwa hiyo hicho kibatari chaweza kulipua shimo. Lina pia haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, ambayo huua ikiwa kidogo mno kuweza kuzima moto. Ikizidi huipumbaza pua, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika. Pumzi chache tu, ameanguka.

Hapo ndipo linapotokea jambo linaloniuma kuliko yote. Wa kwanza anazirai, ndugu yake anaruka kumwokoa, naye chini. Jirani anafuata. Nyumba moja inatoa majeneza matatu, na matangani tunaambiana ajali haina kinga. Hii inayo. Usimfuate aliyeanguka, hata awe mwanao. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Kitambaa kilicholowa maji hakichuji gesi hiyo, na barakoa za dukani hazichuji.

Kinga kubwa ni kutoingia kabisa. Ita gari la majitaka livute kwa mpira. Ikishindikana, chimbeni shimo jipya. Kuingia ni kazi ya watu wenye kipima gesi, feni ya kupuliza hewa, mikanda ya mwilini na wenzao juu walio tayari kuwavuta. Mwenye nyumba anayemshusha kijana kwa kamba ya manila kiunoni ili aokoe hela ya gari, anachezea roho ya mtoto wa mwenzie.

Nimeanguka jukwaani nikavunjika mkono. Bosi anasema kibarua hana mkataba, hivyo hana fidia. (Dodoma)

Pole sana, na usimkubalie. Kukosa karatasi hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, si kwa makato ya mshahara wako. Tunza vyeti vya hospitali, andika majina ya walioona, peleka taarifa sasa. Dai lisipite miezi 12.

Hukuniambia jukwaa lilikuwaje. Kama ni mirunda iliyopigiliwa misumari, bila ubao wa kuzuia pembeni, basi wenzako bado wanalipanda. Waambie washuke, kisha mpeleke taarifa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria Na. 5 ya 2003 inawapa wakaguzi wake uwezo wa kusimamisha kazi mpaka jukwaa lifungwe upya.