Kabla Hujakaza Uzi wa Gitaa, Sikiliza Freti ya 12

Ninaishi Shangani, Mtwara, jirani na bahari, na kwa muda mrefu gitaa langu lilinisumbua kwa namna ile ile: nyuzi zikiwa wazi zilipatana vizuri, lakini nikipanda freti za juu (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) sauti zilikwenda kombo. Kila mara nilikimbilia kukaza, mpaka jioni moja, kabla ya mazoezi ya kwaya, uzi wa kwanza ukakatika na kunichapa kidole.

Sauti ya uzi huamuliwa na urefu wake, mkazo wake na uzito wa kila sentimita yake, kanuni ambazo mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliziandika katika miaka ya 1630. Ukizungusha kifunguo cha kukazia uzi unagusa mkazo peke yake, nao una gharama kubwa, kwa maana kupandisha sauti kwa nusu toni tu, yaani hatua ya freti moja, hudai nyongeza ya takriban asilimia 12, na kuifikisha sauti kwenye mitetemo maradufu hudai mkazo mara nne. Uzi mkongwe hauhimili hayo.

Urefu ndio wa kuchunguza kwanza. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, hivyo uzi wa tano, unaotetemeka mara 110 kwa sekunde ukiwa wazi, hapo hutetemeka mara 220. Uguse kidogo juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze pale pale na upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu zaidi, sehemu inayotetemeka ni fupi mno. Katika gitaa la umeme, legeza skrubu ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na usogeze kishikizo cha uzi huo nyuma, mbali na shingo, kidogo kidogo. La galatoni, yaani lisilo la umeme, mpelekee fundi.

Hata hivyo, usiguse skrubu nyuzi zikiwa zimechakaa. Nilipopitisha ukucha chini ya uzi wangu wa nne, niliona vidonda vya kutu palipokutana na freti, na uchafu wa jasho na chumvi umejaa kati ya mizunguko ya shaba. Uzi wenye uzito usiolingana namna hiyo hauwezi kutoa sauti sahihi katikati yake, hata daraja likae wapi. Funga nyuzi mpya, zivute taratibu kwa mkono hadi ziache kulegea, ndipo upime. Na kila umalizapo kupiga, zifute kwa kitambaa kikavu cha pamba, upande wa chini pia.