Vumbi la mgodini na milango ya seli za mapafu

Mume wangu alichimba tanzanite Mererani miaka mingi. Ameshaacha, mbona kifua kinazidi kubana?

Pole sana, mama. Vumbi la mwamba lina silika, madini magumu yaliyomo hata kwenye mchanga. Punje zake ndogo kuliko milimita 0.01 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako makrofaji, seli ya kinga inayomeza uchafu, huzidaka. Bakteria akimezwa husagwa. Silika haisagiki. Inapasua kifuko cha vimeng'enya ndani ya seli, kisha potasiamu, ambayo ndani ya seli ni karibu mara 30 ya ile ya nje, inamwagika kupitia milango ya utando. Kushuka huko kwa potasiamu ndiko kengele yenyewe: seli inatoa interlukini-1 beta, protini ya kuita msaada, seli nyingine za kinga zinakimbilia hapo, uvimbe unaanza na kovu linafuata. Makrofaji ikifa, punje ileile inamezwa na nyingine, na kengele inalia upya. Ndiyo maana kuacha kazi hakukutosha.

Tafadhali mpeleke akapigwe picha ya kifua na kupimwa makohozi. Mwenye silikosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la silika, hupata TB kwa urahisi zaidi.

Hiyo milango ni kitu gani hasa?

Ni protini kwenye utando wa seli zenye tundu la kupitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama potasiamu. Mmoja, P2X7, hufunguka ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inapovuja kutoka seli jirani iliyoumia. Mwingine, Piezo1, hufunguka kwa kusukumwa tu, hata na mapafu yanapotanuka kwa pumzi. Iligunduliwa 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, mshindi mwenza wa Nobel ya 2021. Panya walioondolewa Piezo1 kwenye seli hizi za kinga walipata uvimbe mdogo wa mapafu, ila wakawadhibiti bakteria vibaya zaidi. Kwangu hilo ni onyo: mlango huohuo unaoumiza ndio unaolinda.

Nikila ndizi nyingi, potasiamu itazuia uvimbe?

Hapana. Figo huitoa ile ya ziada. Kiwango kinachozima kengele hiyo maabara, kikiwa kwenye damu, kingesimamisha moyo.

Kuna dawa ya kufunga P2X7?

Zilijaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, hazikuwasaidia. Silikosisi haina dawa ya kurudisha pafu lilivyokuwa. Mwanao akiingia shimoni, adai drili ya maji: vumbi lililolowa haliruki.