Maswali Yenu: Mashine za Chemshabongo za Kutumbukiza Sarafu

Swali (msomaji wa Tanga): Je, ni kweli kwamba mashine za kwanza za chemshabongo zilikuwa na kompyuta ndani?

Jibu: Si kweli, ingawa jina liliahidi hivyo. Computer Quiz, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kampuni ya Nutting Associates ya Mountain View, California, haikuwa na kompyuta yoyote: maswali yalikuwa kwenye mkanda wa filamu uliomulikwa kwa taa hadi yakaonekana kiooni, na mchezaji akabonyeza kitufe cha jibu alilolichagua. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa Computer Space mwaka 1971, mchezo wa kwanza wa video wa sarafu kuuzwa kibiashara.

Swali (Nakuru): Wachezaji hawakuyakariri majibu?

Jibu: Waliyakariri, na hilo ndilo lililokuwa donda ndugu la biashara hii. Mchezo wa mbio za magari unaweza kurudiwa mara mia bila kuchosha, lakini swali likishajibiwa limekwisha, na mteja anayefika baa ileile kila jioni huimaliza akiba yote ya maswali, kisha huanza kuwashinda wageni bila jasho. Mwenye mashine alilazimika kutafuta maswali mapya kila mara. Kee Games, kampuni tanzu ya Atari, iliweka maswali ya Quiz Show ya mwaka 1976 kwenye kanda ya sumaku. Baadaye yakahamia kwenye chipu, ambazo fundi aliweza kuzibadilisha.

Swali (Mwanza): Kwa nini zilienea sana katikati ya miaka ya 1980?

Jibu: Kwa sababu ya Trivial Pursuit, mchezo wa ubaoni wa maswali na majibu kutoka Kanada ulionunuliwa kwa mamilioni mwaka 1984. Kampuni ya Marekani ya Bally Sente ilitoa toleo la mashine la mchezo huo mwaka huohuo.

Swali (Mombasa): Je, mtu aliweza kushinda pesa?

Jibu: Uingereza, ndiyo. Kwa kuwa ushindi ulihesabiwa kuwa tunda la maarifa, si la bahati, mashine hizo zilitenganishwa na zile za kamari, nazo zikalipa fedha taslimu katika baa. Walijitokeza wachezaji waliozunguka baa baada ya baa wakiishi kwa malipo hayo, jambo ambalo kwangu ni ajira halali kuliko nyingi, na watengenezaji wakajibu kwa kuyafanya maswali ya mwisho kuwa magumu kupita kiasi. Simu zenye intaneti zilipoingia mifukoni, jibu lolote likawa karibu na kidole.