Mwanangu, usizichanganye hizo namba mbili

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu nikiwa zamu ya usiku. Unauliza: kwa GPA (wastani wa alama zako za chuo) 3.0 na LSAT (mtihani wa kuingia chuo cha sheria Marekani) 168, uombe chuo cha sheria au utafute kazi mambo yaishe?

Omba, mwanangu.

Wewe unazichanganya namba mbili halafu unajiona wa kawaida. Vyuo havifanyi hivyo. Kila chuo kinachotambuliwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, hutangaza kila mwaka alama za waliojiunga: LSAT kivyake, GPA kivyake. Ukiwapanga wanafunzi mstari mmoja, alama ya yule wa katikati ndiyo wanayoilinda isishuke. Tafuta vyuo ambavyo wa katikati ana 164 au 165. Huko GPA yako itawapa wasiwasi, lakini LSAT yako wanaihitaji. Vile vya 172, omba kimoja tu, roho iridhike.

Ule mwaka wa pili usiufiche. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ulikuwa unampeleka baba yako kusafishwa damu, ukamsubiri garini na kitabu juu ya usukani, vioo vimefunikwa na ukungu wa pumzi zako, nje theluji. Ukapata D ya Takwimu, nami nikakugombeza. Nisamehe.

Andika barua ya maelezo, aya mbili zinatosha: kilichotokea, lini baba alipata figo, na kwamba miaka miwili ya mwisho ulikuwa na 3.6. Usiombe huruma. Eleza tu.

Kurudia mtihani? Vyuo hutangaza alama yako ya juu kabisa, kwa hiyo kurudia hakuharibu sana. Ila rudia kama majaribio ya nyumbani yalikuwa yakikupa 171 mara kwa mara, si kwa hofu. Na maombi yaingie Oktoba. Vyuo vingi hutoa nafasi kadiri maombi yanavyofika.

Kinachoninyima usingizi ni ufadhili wenye masharti. Mwaka wa kwanza, vyuo vingi hutoa alama kwa kuwalinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo lazima wengine wawe chini hata kama wote wamekesha. Wakikuambia watakulipia ukibaki juu ya alama fulani, angalia kwanza mwaka uliopita wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Hiyo nayo wanalazimika kuitangaza. Mimi na baba yako hatuna pesa ya kuziba pengo hilo, na sitaki ukalizibe kwa mkopo.

Jumapili sina zamu. Njoo na orodha ya vyuo tuipitie mezani. Baba yako ameshaitafuta miwani yake.

Mama yako